Mtumiaji wa Tatu

Lodwar
7 Julai 2025

Kwa Dhieu,

Ejok, nakusalimu. Hunijui, nami sikujui. Jina lako nimelikuta chini kabisa ya sistimu ya duka langu, mahali ambapo hakuna mtu hubonyeza, kwa herufi ndogo kama chawa: "Dhieu, Kakuma." Nimeulizia kwa wauza simu wanaokuja huku kununua mali, wakaniambia kuna Dhieu anayetengeneza kompyuta karibu na soko la Wahabeshi. Kama si wewe, mpe mwenyewe. Kama ni wewe, soma mpaka mwisho.

Naitwa Nakiru Lomunokol. Nauza dawa za mifugo hapa Lodwar, katika duka aliloniachia mama. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya duka, barua pepe ya duka na kila kitu cha duka kinachowaka kilisajiliwa na Byron Barasa, na Byron husoma. Karatasi bado hajaiwekea ada ya mwezi.

Byron alifika huku na kampuni za mafuta za kule Lokichar. Kazi ilipopungua akafungua ofisi hapa mjini, akaanza kuwauzia wenye maduka hiyo sistimu ya Duka Sawa. Kabla hajaanza kuiuza alikuwa amekwisha kunichumbia. Baba akampenda, akampa maksai wa madoadoa kutoka zizi lake, Lomeri, na tangu siku hiyo vijana wakawa wanamwita Apalomeri, yaani mwenye Lomeri. Ndivyo mwanamume anavyoheshimiwa kwetu. Byron alitembea na hilo jina kama mtu aliyepewa shahada.

Basi mwezi wa tatu wateja wangu wote, kuanzia hapa hadi ziwani, wakapata ujumbe kutoka NAKIRU DAWA: "Karibuni harusi ya Byron na Bilha, Kitale. Tuma mchango wako kwa namba hii." Alitumia akaunti yangu ya kutuma jumbe, akasahau kubadilisha jina la mtumaji. Jumbe zenyewe nimezilipia mimi! Duka likajaa watu wa kunipongeza. Mzee mmoja alitoka Kataboi na mbuzi. Akaniambia, "Nakiru, sisi nasikia wewe naolewa. Hii mbuzi ni yako. Lakini kwa nini siku hizi wewe najiita Bilha?"

Ndugu yangu, Byron ameniacha lakini ada zake hazijaniacha. Zinakatwa kila mwezi, sijui hata ni za nini zote. Mkataba unajihuisha wenyewe tarehe mosi Septemba, na mwaka mwingine wa makato haya utalifunga duka la mama. Nikijitoa, anasema rekodi zangu zinabaki kwake: mifugo ya nani ilichanjwa lini, na inatakiwa kurudi lini. Bila hizo mimi sina duka, nina rafu tu.

Nataka mambo mawili. Nitoke kabla ya Septemba, na yeye aumie. Kama la pili si kazi yako, nisaidie la kwanza, la pili niachie mwenyewe.

Nakiru Lomunokol


Kakuma
14 Julai 2025

Dada Nakiru,

Salamu kwako na kwa mzee. Dhieu ni mimi. Kiswahili changu nilifundishwa na majirani Wakongomani na walimu wa hapa kambini, kwa hiyo kikipinda mahali, kinyooshe mwenyewe.

Nimesikitika na habari zako, ila niseme ukweli, kwenye yule mbuzi nilicheka. Huyo Byron namfahamu kidogo tu. Alipita hapa miaka fulani.

Kabla ya kumuumiza mtu tufanye usafi kwanza. Chukua jumbe zote za makato za mwezi uliopita, moja moja, na kwa kila kato jiulize: hiki kitu nani amekifungua wiki hii, na kwa kazi gani? Usijiulize kama ni kizuri. Vyote vitaonekana vizuri, ndivyo vilivyotengenezwa. Jiulize tu nani amekifungua. Halafu tazama kama kuna vitu viwili vinavyofanya kazi moja. Halafu fungua ukurasa wa watumiaji uone wako wangapi, maana kwenye hizi sistimu unalipia kichwa, na vichwa vya watu waliokwisha kuondoka huwa havijiondoi.

Usifute kitu chochote cha Duka Sawa kabla rekodi hazijatoka. Hilo nakuomba sana. Na usimpigie Byron simu. Hasira yako ihifadhi, haitaoza.

Mimi ningekuja Lodwar nikaangalie kwa macho yangu, lakini kutoka kambini nahitaji kibali cha kusafiri na kibali kina safari zake. Tuendelee na karatasi. Dereva wa lori la unga ni mtu wangu.

Wako,
Dhieu


Duka Sawa, Ofisi ya Lodwar
18 Julai 2025

Nakiru,

Salamu nyingi. Jumatano ulinipigia simu ukiwa na hasira, nami kama mtaalamu nimeona ni busara nikujibu kwa maandishi.

Kwanza, mtumiaji wa tatu kwenye akaunti yako ni mimi, ndiyo. Ni kiti cha usimamizi, kipo kwa ajili ya usalama wako. Wateja wote wanakilipia na hakuna aliyewahi kulalamika.

Pili, rekodi zimo ndani ya mfumo na ni za mfumo. Ukiondoka unaondoka na ulichokuja nacho. Nakumbuka ulikuja na daftari lililoliwa na mchwa.

Tatu, kwa sababu ya tulikotoka mimi na wewe, nakupa punguzo. Lipa ada ya mwaka mzima kwa mkupuo kabla ya tarehe mosi Septemba, nami sitapandisha bei kama nitakavyowapandishia wengine. Sijamwambia mtu mwingine hilo.

Mambo ya moyo tuyatenge na biashara. Ule ujumbe wa harusi ulikuwa hitilafu ya mitambo. Wewe ni mwanamke mwenye akili, hata Bilha husema hivyo.

Ni mimi wako wa siku zote,
Apalomeri


Lodwar
21 Julai 2025

Dhieu,

Ejok. Nilimpigia. Najua ulinikataza. Nimekuwekea humu barua aliyonijibu, uisome ukiwa umeketi. "Hata Bilha husema hivyo"! Nimeisoma mbele ya wateja kwa sauti na mama mmoja akatema mate mlangoni kwangu, akaomba radhi, nikamwambia atapike kabisa akitaka.

Sasa sikia matokeo ya usafi wako. Nalipia programu ya kuchora mabango. Tangu mwaka jana nimechora bango moja, limeandikwa "Nimeenda kula, narudi." Nalipia kinga ya virusi ya kompyuta iliyomwagikiwa dawa ya minyoo ikafa mwaka juzi, minyoo haina, virusi haina, uhai pia haina. Nalipia mahali pawili pa kuhifadhi faili mtandaoni, na faili ni zilezile. Nalipia programu ya mahesabu ambayo Duka Sawa inafanya kazi yake tayari, kwa hiyo hesabu moja naifanya mara mbili na bado haitoshi.

Na watumiaji ni watatu. Wa kwanza mimi. Wa pili Asekon, msichana niliyemwajiri, ambaye sasa yuko chuoni na ana mtoto. Wa tatu umesoma mwenyewe. Nimekuwa nikimlipia kiti mwanamume ambaye mke wake ameketi Kitale, Dhieu! Kila mwezi! Nilipoona jina lake pale nilifunga duka, nikaenda nyuma nikapiga gunia la chumvi ya ng'ombe mpaka likapasuka.

Vile visivyofunguliwa nimevikatisha vyote, isipokuwa Duka Sawa, kama ulivyosema. Makato yamepungua zaidi ya nusu hata kabla hatujamgusa Byron. Nilitegemea nitafurahi. Sijafurahi. Nataka aumie.

Yule mbuzi nilimrudishia mzee wa Kataboi, akakataa kumpokea, tukamla pamoja. Kwa nini uliuliza?

Nakiru


Kakuma
28 Julai 2025

Dada Nakiru,

Sikuuliza habari za mbuzi, nilisema nilicheka. Lakini nimefurahi kujua aliko.

Nilikuficha jambo. Nilikuandikia kwamba Byron namfahamu kidogo, na si kweli. Duka Sawa niliitengeneza mimi. Niliwatengenezea akina mama wa hapa kambini wanaouza unga na makaa, na jina lake lilikuwa Duka Letu. Haikuwa na ada, inakaa ndani ya kompyuta yako mwenyewe, haihitaji mtandao wala mtumiaji wa tatu. Byron alikaa hapa kwangu wiki nzima akila wali wangu. Akaniambia wafanyabiashara wadogo wa Lodwar hawajiwezi, niwape bure, yeye atawapelekea. Nikampa na nikamwombea safari njema. Kwamba anawatoza kila mwezi nimejua kutoka kwenye barua yako ya kwanza. Nilipomaliza kuisoma nilishindwa kukuandikia ukweli, hasira ilinizidi. Sasa imetulia, na imetulia vibaya.

Rekodi zako: kitufe cha kuzitoa nilikiweka mwenyewe, na yeye hajui kukiondoa, amekificha tu. Fungua ukurasa wa ripoti, shuka hadi mwisho, kuna mahali peupe pasipo na neno. Bonyeza hapo hapo peupe. Zitateremka zote kwenye kompyuta yako. Zifungue, linganisha na risiti chache kuhakikisha hakuna kilichokosekana, kisha niambie.

Jambo jingine halihusu kazi. Sahihi yake imenishtua. Kumbe nanyi mwanamume huitwa kwa maksai wake? Kwetu Wadinka ni vivyo hivyo. Baba yangu, rika lake halikuwahi kumwita kwa jina la nyumbani, walimwita kwa maksai, tena kwa kupaza sauti, uwanja mzima usikie. Mimi nilikimbia nchi kabla sijapewa wangu, ndiyo maana nimemwonea wivu huyu mjinga. Nimekumbuka alipokuwa hapa alijisifu kwamba neno lake la siri hakuna mtu wa kwao angeweza kulikisia, kwa sababu amepewa na Waturkana. Sikumwelewa wakati ule.

Dhieu


Lodwar
4 Agosti 2025

Dhieu,

Rekodi zimetoka. Zote. Nimelinganisha mpaka macho yakauma, hata mbuzi wa mzee wa Kataboi yumo, amechanjwa Februari.

Sasa sikia. Nilisoma barua yako, nikaisoma tena pale kwenye neno lake la siri, nikaketi chini. Kisha nikafungua Duka Sawa, nikaandika jina la Byron, na kwenye nenosiri nikaandika Apalomeri.

Ikafunguka.

Dhieu, jina ambalo wabeba mizigo wanampigia kelele akipita sokoni! Jina ambalo watoto wanamwimbia! Amefungia nalo biashara yake yote kwa sababu yeye anadhani ni siri aliyonong'onezwa. Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kama nimefiwa.

Kisha nikaacha kucheka. Nikaona maduka yote ya Lodwar yamepangwa mbele yangu, hoteli ya Chepchumba, samaki wa Akaale kule ghubani ziwani, vinyozi, wauza saruji, wote. Na juu upande wa kulia kuna kitufe chekundu: Futa vyote.

Sijagusa kitu. Nimefunga. Lakini najua njia sasa, na kila nikipita ofisini kwake naona viatu vyake vipya mlangoni na kidole kinaniwasha. Nikibonyeza, kesho hana kitu. Hana mteja, hana mfumo, hana la kumwambia Bilha. Niambie kuna sababu gani ya kutobonyeza. Nakupa mpaka lori lirudi.

Nakiru


Kakuma
8 Agosti 2025

Nakiru,

Usibonyeze. Nimemwomba dereva asilale njiani.

Sikuambii umsamehe. Mimi sijamsamehe, na nisingekuelewa kama wewe ungemsamehe. Lakini tazama kitakachofutika. Ni madeni ya Akaale, ambaye ana watoto na samaki wake wamo midomoni mwa watu ambao hawajalipa. Ni mishahara ya wahudumu wa Chepchumba. Byron mwenyewe atalia kwa siku moja tu, atasema amevamiwa, watu watamwonea huruma, na polisi watakuja dukani kwako. Utakuwa umemfanyia kazi nzuri sana.

Na usiingie tena humo. Huhitaji.

Mimi ninachotaka ni kibaya zaidi. Nataka kila mtu atoke kwa miguu yake mwenyewe, mchana, na rekodi zake mkononi, na asibaki hata mmoja. Nataka siku moja afungue mfumo wangu alioniibia, atafute mtu wa kumkata ada, ajikute yeye peke yake. Hapo hatakuwa na wa kumshtaki. Watu kuondoka si kosa.

Ndani ya boksi la dawa atakalokupa dereva nimeweka flashi. Ndani yake kuna Duka Letu, mpya, nimeifanyia kazi tangu barua yako ya kwanza, na maelezo kwa Kiswahili changu kilichopinda. Kila mtu afanye kama ulivyofanya: kwanza akatishe vile asivyofungua, kisha atoe rekodi pale peupe, alinganishe, aziingize upande wa pili, atumie zote mbili bega kwa bega kwa siku chache, na ndipo aandike barua ya kujitoa. Aandike, asiseme kwa mdomo. Afanye hivyo kabla mwezi haujaisha. Jumbe za wateja mnunue pamoja kwa jina la kila mmoja, mlipe kwa kadiri mnavyotuma. Anayetuma mara moja kwa mwezi asilipie mwezi mzima.

Bei yangu: jina langu litoke chini mlikolikuta, likae ukurasa wa kwanza, kubwa, mtu asiyevaa miwani alione.

Dhieu


Lodwar
19 Agosti 2025

Dhieu kaka yangu,

Ejok-noi! Sijabonyeza. Siku mbili za kwanza nilikuchukia, nikuambie wazi. Siku ya tatu Byron aliingia dukani kwangu mwenyewe, akaegemea kaunta ya mama yangu, akauliza kama nimefikiria lile punguzo. Nikamwambia bado nafikiria, Apalomeri. Akatabasamu! Hapo nikajua wewe ndiye uliye sahihi, mtu kama huyu lazima achelewe kujua.

Tulikutana nyuma ya hoteli ya Chepchumba. Niliwasomea wenye maduka barua ya Byron, ile sehemu ya "nakupa punguzo, sijamwambia mtu mwingine." Wakaanza kutazamana. Kinyozi akatoa barua yake mfukoni. Chepchumba akaenda jikoni akaleta yake. Dhieu, wote walikuwa nayo, maneno yaleyale, kila mmoja amefanywa ndiye mpendwa! Tofauti ni kwamba barua zao hazikuwa na Bilha. Chepchumba alisema, "Huyu kijana amekula chai yangu mwaka mzima bila kulipa, kumbe nilikuwa pia namlipia kiti cha kukalia?"

Baada ya hapo hakukuwa na haja ya kushawishi mtu. Kila siku wanakuja wawili watatu kwangu na kompyuta zao. Akaale alikuwa na hofu, alikaa nami asubuhi nzima tukilinganisha mdaiwa kwa mdaiwa, na alipoona wote wamehamia salama alilia, kisha akapata hasira alipojua programu ya mabango naye amekuwa akiilipia. Hana hata ukuta wa kubandika bango. Jina lako linaonekana kutoka upande wa pili wa barabara, nimelipima.

Nimeenda pia kwa baba. Lomeri bado yuko zizini kwetu, maana Byron hakuwahi kuwa na mahali pa kumweka. Nilimwambia baba yote, hata kuhusu nenosiri, ikabidi nimweleze kwanza nenosiri ni nini. Kisha akasema, "Nilimpa mkwe. Mkwe iko wapi?" Nikamwambia hayupo. Akasema, "Basi hiyo ni ng'ombe yangu," akaomba mkuki wake.

Nimemzuia mpaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Ningependa sana uwepo. Ulizia hicho kibali.

Dada yako,
Nakiru


Lodwar
27 Agosti 2025

Nakiru,

Nakuandikia haraka. Kuna jambo haliendi sawa mjini. Leo nimepokea barua za kujitoa, zimeandikwa kwa mwandiko tofauti lakini maneno ni mamoja, na jana pia, na juzi. Chepchumba amenidai chai ya mwaka mzima mbele ya watu. Kuna mtu ananichafulia jina.

Wewe watu wanakusikiliza. Waambie wasiwe na haraka. Wakiondoka wote mimi nitalipaje pango la ofisi? Kule Kitale nimeanza kujenga. Waambie kiti cha usimamizi nimekiondoa, na ada nimeipunguza nusu. Robo, wakitaka.

Nimeona barua yako ya kujitoa haimo kati ya hizi, nikajua wewe bado ni mtu wangu. Sitasahau. Mzee anaendeleaje? Na Lomeri wangu?

Apalomeri


Lodwar
31 Agosti 2025

Kwa Byron,

Barua yangu ya kujitoa ndiyo hii. Nimechelewesha makusudi, nilitaka niwe wa mwisho kutoka nifunge mlango. Mkataba unaisha leo. Shahidi wa kupokelewa kwake ni Chepchumba, ambaye ndiye amekuletea, na hataondoka mpaka umlipe chai.

Umeuliza nani anakuchafulia jina. Ni mimi. Sikuingia kwa wateja wako na uongo wowote, niliwasomea barua zako tu. Mfumo wanaoutumia sasa uliwahi kuuona, uliletwa mbele yako pamoja na wali. Mwenyewe ameandikwa ukurasa wa kwanza. Alinyimwa kibali cha kusafiri, kwa hiyo nimemchomea paja zima na lori limeondoka nalo asubuhi.

Kwenye akaunti yangu zilikuwa zimebaki jumbe nilizokwisha kulipia, na zingekufa na mkataba. Ulinifundisha mwenyewe kwamba jumbe za NAKIRU DAWA zinaweza kuita watu kwenye sherehe. Nikazituma zote: "Lomeri analiwa Jumamosi kwa Mzee Lomunokol, Nakwamekwi. Njooni na visu." Ulipata wako, maana licha ya kusema umekiondoa kiti, bado ulikuwa mtumiaji wa tatu. Hukuja. Wengine wote walikuja. Mzee wa Kataboi alikuja na wanawe, akala mpaka akashindwa kuinuka, akasema, "Nakiru, sasa hii ndiyo harusi."

Uliuliza baba anaendeleaje. Anaendelea vizuri, ameshiba. Alimchoma mkuki Lomeri mwenyewe, akawaambia vijana jina limekwisha, asisikie mtu analitaja tena kwa mtu aliye hai. Ukipita sokoni kuanzia kesho utasikia kimya. Wewe sasa ni Byron tu.

Nilikupenda, sitaficha hilo, na nilipoona lile tangazo la harusi kwa jina langu nilitamani ardhi inimeze. Sasa nimepona. Sikuponywa na kukusamehe, usijidanganye.

Tangu tarehe nne ya mwezi huu nimekuwa na uwezo wa kukufuta, wewe na maduka yote, kwa kidole kimoja. Niliingia kwa jina lako mara moja, nikatazama, nikatoka. Fikiria siku ile ulipoegemea kaunta ya mama yangu na kutabasamu. Nilikuita kwa jina gani?

Ukifungua Duka Sawa leo utamkuta mtumiaji mmoja. Mtoze.

Na ubadilishe nenosiri. Lile la zamani tulilila Jumamosi.

Nakiru Lomunokol